Duka linauza kila siku lakini mtaji unaisha, ni chuma ulete (uchawi wa kuvuta hela ya duka) au kuna sehemu nakosea? Naombeni ushauri

mama_wawili

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimechoka na sina wa kumwambia, mume wangu nikimwambia anaona kama namlaumu.

Nina duka la rejareja huku Chamazi, Dar, mahitaji ya nyumbani tu, unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, soda, viberiti. Nilifungua mwezi wa pili baada ya kazini kupunguza watu, nikapata mafao yangu nikaingiza kwenye mzigo 3,500,000. Mashelfu na friji mume alisimamia yeye. Mzigo nachukua jumla Rangi Tatu mara mbili kwa wiki.

Sasa duka linauza jamani, sio kwamba nakaa tu napiga nzi. Kuna siku 90,000 kuna siku 180,000, ukichanganya ni kama 130,000 kwa siku. Lakini juzi nimefunga mapema nikahesabu mzigo wote shelfu moja moja pamoja na hela iliyokuwa kwenye droo nikapata 1,650,000. Miezi saba tu. Sijaibiwa, sina mfanyakazi, ufunguo nalala nao chini ya mto. Sasa 1,850,000 imeenda wapi??

Mwenzangu wa fremu ya pili kaniambia hiyo ni chuma ulete, nimechezewa. Na kweli kuna bibi mmoja anakuja asubuhi kabla hata sijafagia, ana noti ya 10,000 anataka kiberiti au chumvi, anachukua chenji yote niliyonayo, na siku akija hela haikai. Nimeshaambiwa nisimuuzie tena na kuna mtaalamu atakuja kusafisha duka kwa 150,000. Pia kuna watu wa mikopo wanapita mtaani wamekubali kunipa 1,000,000 nijaze mzigo, hawataki dhamana kubwa, wanataka tu friji na vitu vya ndani.

Nifanye lipi? Nisafishe duka kwanza au nichukue mkopo? Au nifunge tu nikatafute kazi.

BintiTanga

Pole sana dada. Wasikudanganye kwamba haya mambo hayapo, mimi nimekulia dukani kwa baba Tanga na nimeyaona. Weka chumvi ya mawe kwenye droo, asubuhi usitoe chenji mkononi, weka juu ya meza mteja aokote mwenyewe, na kabla hujafungua omba Mungu kwa imani yako. Hivyo havina gharama. Ila mtaalamu wa 150,000 usimpe, hiyo ni mifuko mingapi ya unga.

Shangazi_wa_Jumla

Mwanangu pole. Nimeuza duka miaka 19, nimeanza na meza ya nyanya. Kabla hatujamtafuta mchawi nijibu haya bila kuficha kitu.

Mnakula nini nyumbani na kinatoka wapi? Unacheza mchezo wa kupeana hela? Kama unacheza, hela ya kila siku inatoka wapi na ukipokea unafanyia nini? Daftari la madeni lina shilingi ngapi leo hii, jumlisha sasa hivi usikadirie. Kodi ya fremu, luku, usafiri wa mzigo? Kuna shida yoyote kubwa uliitatua kwa hela ya duka?

mama_wawili

Asante shangazi ngoja nijibu.

Chakula tunachukua hapahapa dukani, tuko wanne, unga mafuta sukari sabuni, nadhani kama ya 7,000 kwa siku, siandiki maana ni vyetu. Mchezo nacheza ndio, tuko kumi, kila mtu 5,000 kwa siku, kila wiki anapokea mmoja 350,000, natoa kwenye droo jioni kijumbe anayekusanya akipita. Kodi 80,000 kwa mwezi yaani kama 2,700 kwa siku. Luku ya friji kama 1,500. Bajaji ya mzigo 8,000 kila safari, ukigawa kwa siku ni kama 2,300. Vocha 1,000.

Daftari nimejumlisha sasa hivi mikono inatetemeka, 437,500. Sikujua kama imefika huko. Na mwezi wa tano mama alilazwa nikatuma 200,000.

Shangazi_wa_Jumla

Umefanya vizuri kusema ukweli, wengi hapo ndipo wanapokimbia. Sasa kaa chini na kalamu tuandike wote.

Duka kama lako ukiuza 130,000, faida iliyomo humo ni kama asilimia 11, maana sukari na unga havina faida kubwa. Hiyo ni 14,300. Hela nyingine yote kwenye droo sio yako, ni ya mwenye jumla, kesho unatakiwa uirudishe Rangi Tatu. Hapa ndipo watu wanapotea, mtu anaona laki na thelathini kwenye droo moyo unasema leo tumepata, kumbe umepata elfu kumi na nne.

Haya toa matumizi: chakula 7,000, mchezo 5,000, kodi 2,700, bajaji 2,300, luku 1,500, vocha 1,000. Jumla 19,500. Yaani kila siku ya Mungu duka linakuingizia 14,300 na wewe unatoa 19,500, unakula mtaji 5,200. Miezi saba ni siku 210, zidisha. 1,092,000.

Ongeza madeni 437,500. Ongeza 200,000 za mama, na hiyo hakuna mtu atakulaumu, mama ni mama. Inakuja 1,729,500. Kwenye 1,850,000 yako iliyopotea imebaki 120,500 tu ambayo hatujaiona.

Na nikuulize lingine, huo mchezo umeshapokea mara ngapi na hela iko wapi?

mama_wawili

Nimepokea mara tatu. Ya kwanza tulinunua kitanda na godoro, ya pili ada na sare za watoto, ya tatu televisheni.

Shangazi nimelia. Mara tatu ni 1,050,000.

Shangazi_wa_Jumla

Usilie. Unaona sasa, hela haijachukuliwa na mtu, umelalia kitanda chako na watoto wako shuleni. Sio dhambi. Tatizo ulikuwa unanunua kitanda ukidhani ni kwa faida, kumbe ni kwa mifuko ya sukari. Mchezo ni mzuri kwa mtu mwenye mshahara au mwenye faida ya ziada, wewe ulikuwa unacheza kwa hela ya mwenye jumla.

Kuanzia kesho toa kodi, bajaji na luku, kwenye 14,300 inabaki 7,800. Jilipe mshahara wako 5,000 kila jioni, weka kwenye mkoba mwingine kabisa, vocha na matumizi yako yatoke humo, mchezo wa 5,000 kwa siku hauuwezi kwa sasa. 2,800 iliyobaki usiiguse, inarudisha mtaji. Kwa mwezi ni 84,000, ni kidogo lakini inaenda juu sasa, haishuki. Na chakula cha nyumbani kinunuliwe kama mteja mwingine, baba watoto atoe hela asubuhi, unapima unga, unaweka hela kwenye droo, hata kama mtu akiona kichekesho. Hili ongea naye kwa upole siku akiwa ameshiba, mwonyeshe hizi hesabu zote, usianze na lawama.

Mwana wa Kahama

Mimi nataka nizungumzie huyo bibi. Dada yangu nakuomba sana. Huku kwetu kanda ya ziwa, Shinyanga, Mwanza, Geita, bibi vizee wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya maneno kama haya, eti ana macho mekundu, kumbe macho ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote. Inaanzaga hivihivi, mtu mmoja dukani anasema bibi fulani akija hela haikai, wa pili anadakia, mwisho hakuna anayejua nani alianza. Ulishamuuliza kwanini anataka chenji asubuhi? Muulize tu kwa heshima, shikamoo bibi, mbona kila siku noti kubwa. Na hiyo habari usiirudie kwa jirani yako wa fremu.

Mzigo Mpya

Hiyo 120,500 ambayo shangazi hajaiona mimi naijua iko wapi, iko kwenye mizani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukifunga robo robo unatakiwa utoe pakti 200. Wewe huwa unatoa ngapi?

mama_wawili

Sijawahi kuhesabu. Ngoja leo nafungua mfuko mpya.

(baadae) Zimetoka 188.

Mzigo Mpya

Basi kila robo yako ina gramu kama 266. Unanunua mfuko sh ngapi na robo unauza sh ngapi?

mama_wawili

Mfuko 140,000, robo nauza 800.

Mzigo Mpya

Pakti 200 ni 160,000, faida elfu 20. Pakti 188 ni 150,400, faida 10,400. Karibu nusu ya faida ya sukari unaigawa bure kila mfuko na mteja wala hajui kama umemzidishia, kwahiyo hata shukrani hupati. Mkono wa mwanamke mwenye huruma huwa unaongeza kijiko cha mwisho, mke wangu alikuwa hivyohivyo. Usipunje mtu, mpe robo yake kamili, lakini kamili ni 250. Peleka mizani ikakaguliwe na ufunge sukari mchana ukiwa umetulia, sio usiku umesinzia. Mafuta ya kupima angalia hivyohivyo, kile kikopo kikijaa mpaka kinamwagika na yale yanayobaki kwenye dumu.

neema_ya_asubuhi

Mkopo usichukue!!! Naandika hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na genge nikachukua 500,000, marejesho 55,000 kila wiki kwa wiki 12, jumla 660,000. Walivyoniambia niliona kawaida tu. Wiki ya saba mtoto akaugua, nikapitisha wiki mbili, wakaja watu wanne saa kumi na mbili asubuhi wakabeba friji, subwoofer na meza ya vyombo, majirani wote wamesimama nje wanaangalia. Mikopo hii haikuitwa kausha damu bure.

Na piga hesabu, 55,000 kwa wiki ni kama 7,900 kwa siku. Wewe faida yako yote kabla ya kutoa chochote ni 14,300. Na hiyo ni kwa laki tano, wewe unataka milioni. Ndoo ikivuja ziba kwanza ndio uongeze maji.

afisa_mstaafu

Kama baadae utahitaji mkopo kweli, nenda ofisi ya kata umuone afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi, kwahiyo hao wenzako wa mchezo wanaoaminika mnaweza kujisajili, ila inachukua muda, andaeni katiba ya kikundi na akaunti ya benki. Lingine, TRA (mamlaka ya mapato) kwa wafanyabiashara wadogo wanaangalia mauzo ya mwaka, sio faida. Asiyefika milioni 4 halipi, lakini wewe 130,000 kwa siku ni zaidi ya milioni 46 kwa mwaka, nenda mwenyewe na daftari lako kabla hawajaja kukukadiria kwa macho.

Kaka Mudi wa Mbande

Kwenye madeni mimi nasema funga kabisa. Andika kubwa mlangoni, mkopo hakuna.

Shangazi_wa_Jumla

Mudi hapo nakukatalia. Mtaani ukifunga kabisa mteja anahamia duka la pili, na akiwa na hela taslimu anaipeleka hukohuko. Mimi nilikuwa na watu 12 tu kwenye daftari, ninaowajua kwao na wanapofanyia kazi, kila mmoja mwisho 10,000, hajalipa haongezi. Wengine nawaambia kwa uso mkunjufu kabisa, mwanangu mzigo wa mwenye jumla, kesho karibu.

Kaka Mudi wa Mbande

Sawa shangazi, ila wewe una uso huo. Wengine tukianza kukopesha kumi wanafika arobaini.

mama_wawili

Ndugu zangu nimerudi, zimepita siku tisa.

Mtaalamu sikumwita, wa mikopo nimewajibu hapana, wamepiga simu mara nne. Kijumbe nimemwambia mzunguko huu ukiisha mimi natoka. Nina madaftari mawili sasa, la duka na la nyumbani. Nimeongea na mume Jumapili baada ya kula, aliangalia zile hesabu akanyamaza muda mrefu sana, hakusema kitu, Jumatatu asubuhi akaacha 5,000 juu ya meza. Leo hajaacha, nitamkumbusha.

Madeni yamerudi 96,000. Kuna fundi mmoja peke yake ana 112,000 na amehamia, simu haipokei, hapo naomba mnishauri nimfuate au niache.

Na bibi nilimuuliza. Anauza vitumbua pale kituoni alfajiri, wateja wake wengi wanampa noti kubwa na yeye hana chenji ya kuanzia, kwahiyo kiberiti ananunua tu kwa sababu anaona haya kuomba chenji bure. Nilishindwa hata kumuangalia. Tumekubaliana jioni ananiletea sarafu zake zote mimi nampa noti, asubuhi nampa chenji anazohitaji. Jana kaja na 7,400 za mia mia na mia mbili kwenye kitambaa, tumezihesabu wote juu ya meza.

Shangazi_wa_Jumla

Fundi mfuate mara moja, nenda na daftari sio na watu. Akikupa hata 10,000 pokea uandike mbele yake. Asipokupa andika hiyo 112,000 kwenye daftari la hasara ulifunge, usiende tena, hiyo nauli ni ya bajaji ya mzigo.