Mizinga 6 kati ya 9 nyuki wameondoka, nimekosea wapi wakuu?

alizeti_manyoni:
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Manyoni huku Singida, nalima alizeti eka 4 na mwaka jana nikaamua kuingia kwenye nyuki. Nikatengenezesha mizinga 12 ile ya pau za juu (vijiti vinapangwa juu, nyuki wananing'iniza masega hapo) kwa fundi wa hapa hapa, nikapaka nta ndani nikaitundika kichakani pembeni ya shamba, na Mungu si Athumani ndani ya miezi miwili mizinga 9 ikaingia nyuki wenyewe, sijanunua hata kundi moja. Mwezi wa 6 nikarina, nikapata ndoo 4 za lita 20, nikafurahi sana.

Sasa juzi nimeenda kukagua nakuta mizinga 6 mitupu, na siyo kwamba wamekufa maana hamna mizoga, wameondoka tu, masega yamebaki na mengine yana utando kama wa buibui. Mitatu iliyobaki nayo nyuki ni wa kuhesabu. Baba mdogo anasema ni mkono wa mtu, nimlete mtaalamu aje azindike manzuki (pale ilipo mizinga). Mimi sitaki kwenda huko ila roho inaniuma, hela ya hiyo mizinga ilitoka kwenye alizeti. Je watarudi? Na shida ni nini hasa?

mrina_wa_Sikonge:
Pole sana mkuu. Hapo hamna mkono wa mtu, hao wamehama njaa. Nyuki wetu wa huku hawafanani na wa Ulaya, wa kule baridi ikija wanajikusanya mzingani wanakula akiba mpaka maua yarudi, maana hata wakitoka hamna pa kwenda. Wa kwetu wanajua kiangazi kikikaza hapa, kuna sehemu nyingine mvua imeanza na miti inachanua, kwa hiyo malkia anapunguza kutaga, majana (watoto wa nyuki) ya mwisho yanatoka, wanajaza matumbo asali iliyobaki halafu siku moja wote wanaruka. Ndo maana hujaona mizoga.

Huo utando ni wa nondo wa nta, mdudu kama kipepeo ambaye funza wake wanakula masega. Watu wengi wanadhani nondo ndo kawafukuza lakini kundi likiwa na nguvu linamtoa lenyewe, huyo anashamiri pale walinzi wameshapungua.

Sasa nikuulize. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ni kama kilo 28, kwa hiyo ndoo 4 ni zaidi ya kilo 110 kwa mizinga 9, tena msimu wa kwanza. Uliwaachia nini? Na maji wanakunywa wapi?

alizeti_manyoni:
Mzee wangu asante. Kusema ukweli tulikata karibu yote, vijana niliowakodi walikuwa wanakata mpaka yale masega yenye majana wanakamua pamoja, asali ikawa na povu jeupe na baada ya muda ikaanza kuchacha. Maji walikuwa wanakunywa lambo la chini ya shamba, limekauka tangu mwezi wa 8.

mrina_wa_Sikonge:
Basi umejijibu mwanangu. Hiyo iliyochacha ni majimaji ya majana pamoja na asali mbichi, ile ambayo nyuki hawajaifunika kwa nta. Sega likiwa limefunikwa angalau robo tatu hilo ndo la kukata, lenye majana na chavua huligusi hata kama limejaa pembeni. Kwenye kila mzinga waachie masega manne matano ya asali, hasa ukijua mbele kuna kiangazi. Marehemu babu yangu alikuwa anatumia mizinga ya magogo huku porini, anafungua upande mmoja tu, upande wa pili anauacha na kila mwaka anawakuta. Na kumbuka kujenga nta ni gharama kwao, kilo moja ya nta inawala asali kilo 6 hadi 8, kwa hiyo ukikomba masega yote umewaambia waanze maisha upya bila mtaji.

Toa hayo masega yenye nondo yote leo, usiyaache manzuki, yayeyushe upate nta. Mizinga ipitishe kwenye moto kidogo ndani, paka nta upya, na nguzo za kutundikia zipake grisi siafu wasipande. Hao hao waliohama siwezi kukuahidi, ila mvua zikianza kuna makundi yatakuwa yanatafuta nyumba.

mama_tikiti:
Naomba niongezee kitu kaka. Jirani zako wanapiga dawa saa ngapi? Mimi nalima tikiti na nimejifunza kwa hasara, nilikuwa napiga dawa asubuhi saa 3 maua yakiwa wazi, nikamaliza nyuki wote, vitikiti vikawa vinanyauka vikiwa bado kama limao. Tikiti lina ua dume na ua jike mbalimbali, bila mdudu wa kupeleka chavua hupati tunda. Siku hizi nikilazimika napiga jua likishazama, nyuki wamerudi kwao, na wakati wa maua napiga pale tu hali ikiwa mbaya kweli. Hata hiyo alizeti yako, kichwa kimoja kina vijiua mamia vinavyofunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati kwa siku kadhaa, nyuki wakipungua utavuna mapepe (mbegu tupu) mengi halafu utalaumu mbegu. Mizinga yako inamfaidisha na jirani, kaa naye muongee vizuri.

Msagalla:
Niko Taita, Kenya. Haya ya ukame tunayajua sana. Huku Sagalla karibu na Tsavo Mashariki tunafunga mizinga kuzunguka shamba, kila mita 10 inaning'inia kwa waya, ndovu akigusa waya mizinga yote inatikisika na nyuki wanatoka. Ndovu ngozi yake ni nene lakini macho na ndani ya mkonga hawezi kuvumilia. Inasaidia kabisa, ndovu wengi wanageuka. Lakini ukame wa 2017 ulitumaliza, mizinga mingi ilibaki bure, na mvua ziliporudi nyuki hawakurudi siku hiyo, asali ilikuwa kidogo kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo ndugu yangu usikate tamaa mapema. Mambo ya kivuli na maji ndiyo tuliona yanawashikilia. Juu ya mzinga weka paa la makuti ama nyasi, bati peke yake linawachoma.

alizeti_manyoni:
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Baba mdogo nimemsomea nimemuonyesha na hao funza wa nondo kwenye sega, amekaa kimya muda mrefu kisha akasema tukachimbe kisima kifupi kule lamboni. Kwa sasa nimeweka mabeseni mawili ya maji kivulini.

mrina_wa_Sikonge:
Safi sana. Weka vijiti na mawe ndani ya hayo mabeseni wapate pa kutua, la sivyo watazama. Na maji yasikauke hata siku moja, wakishazoea mahali wanategemea hapo.

alizeti_manyoni:
Wakuu narudi, zimepita wiki tano. Mvua ya kwanza imenyesha Jumanne. Ile mizinga mitatu ipo na nyuki wameanza kuleta chavua ya njano miguuni. Leo asubuhi mzinga namba 4, ule niliouchoma moto na kupaka nta, nimekuta nyuki kama kumi wanaingia na kutoka wanazunguka ndani. Nimekaa mbali sijausogelea.