Nimepewa ukuu wa shule, nawarudishaje watoto walioacha masomo?

Mwalimu Mgeni: Wakuu, naomba ushauri. Nimepewa shule ya msingi muhula huu. Jana nimefungua madaftari ya mahudhurio ya mwaka jana nikakuta majina 31 yamepigwa mstari mwekundu, pembeni neno moja tu: "mtoro". Nikiuliza walipo, hakuna anayejua. Wenzangu wanasema hiyo ni kazi ya wazazi na serikali. Nianzie wapi?

Chaki Nyeupe: Hongera kwa cheo, na pole pia. Anza na hayohayo majina. Angalia wiki za mwisho kabla ya ule mstari. Mtoto haachi shule siku moja. Anakosa Jumatano, kisha Jumatano na Alhamisi, kisha hayupo. Anayekosa siku ya soko tu, yuko kwenye biashara ya mzazi. Msichana anayekosa siku nne kila mwezi, nenda kaangalie choo. Kina mlango? Kina maji?

Bibi Darasa: Nimestaafu ukuu. Kwangu siku ya tatu bila taarifa, lazima mtu apige hodi kwao. Mwanzo nilituma walimu, wazazi wakajificha wakidhani wanadaiwa michango. Nikamtuma mama mmoja wa kamati ya shule, mambo yakafunguka.

Kalamu Kavu: Mnawasema wazazi tu. Mimi niliachishwa na geti. Nilirudishwa nyumbani mara nne kwa sababu ya viatu, ya tano sikwenda tena. Nilikuwa darasa la tano. Mkuu, kabla ya kwenda kuwatafuta watoto, angalia nani anawarudisha hapo kwako.

Mwalimu Mgeni: Kalamu Kavu, umenigusa pabaya. Leo asubuhi nimesimama getini, nikakuta wawili wanageuzwa kwa sare. Agizo lenyewe lina sahihi ya ofisi yangu! Na wasio na cheti cha kuzaliwa je?

Chaki Nyeupe: Andikisha, cheti kifuatiliwe mtoto akiwa darasani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unataka elimu ya msingi iwe ya lazima na bure kwa wote. Hausemi wenye vyeti. Ila mwenye miaka 12 asiyejua kusoma usimchanganye na wa miaka sita, aibu itamkimbiza. Mtengee kundi la kufidia, apande akishika kasi. Na usijione uko peke yako: mwaka 2024 UNESCO ilitaja watoto na vijana milioni 251 walio nje ya shule duniani.

Bibi Darasa: Siku akirudi, asiulizwe mbele ya wenzake "ulikuwa wapi?" Aonyeshwe dawati, akae. Nilimpoteza mmoja kwa swali hilo, na aliyeuliza ni mimi.

Mwalimu Mgeni: Asanteni. Agizo la sare nimelifuta leo, mlinzi hakuamini. Jumatatu mama wa kamati anaanza na majina matano. Nitaleta mrejesho.