Mdogo wangu aliumia kazini Urambo: je, aanzie kwenye mkopo wa halmashauri?

Mwana Urambo:
Ndugu zangu, namwombea ushauri mdogo wangu, ambaye tangu Novemba iliyopita mkono wake wa kulia haukunjiki, baada ya kuumizwa na mashine ya kupasulia mbao mahali alipokuwa ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Mwajiri alilipia matibabu ya mwanzo, kisha akasema hadaiwi tena. Tumeshauriwa ajiunge na kikundi apate mkopo wa watu wenye ulemavu, lakini inaniuma kuona mtu aliyeumia kazini aanze kwa kukopa.

Mzee wa Cheyo:
Kijana wangu, usikimbilie mkopo. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huwakopesha watu wenye ulemavu haina riba, ila ni deni na lazima irejeshwe. Mdogo wako alikuwa mwajiriwa, kwa hiyo mlango wake wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao taarifa ya ajali inapaswa kuufikia ndani ya miezi 12. Daktari hukadiria kiwango cha ulemavu wa kudumu: kisipozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, kikizidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Wajibu wa kujisajili na kuchangia ni wa mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Mama Isevya:
Na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, msiitegemee kwa sababu ya mkono peke yake, kaka. Mpango ule huangalia umaskini wa kaya nzima, na kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji. Ulemavu huzingatiwa ndani ya kaya ambayo tayari imeingia.

Mwana Urambo:
Ahsanteni sana. Mkataba wa maandishi hakupewa, na mshahara ulikuwa ukitumwa kwa simu.

Mzee wa Cheyo:
Basi aombe kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala ya miezi yote aliyofanya kazi, aambatanishe na karatasi za hospitali zenye tarehe ya ajali, na awaombe wenzake waliokuwepo waandike walichokiona wakati bado wanakikumbuka. Mwajiri akikataa kutoa taarifa, mwende wenyewe WCF au kwa afisa kazi wa mkoa hapa Tabora, na msisubiri msimu wa mvua upite, kwa kuwa Novemba nyingine haiko mbali.