Nuru Ana Vyuo Viwili na Jibu Linatakiwa Ijumaa

*Jumanne*

Nuru: Shikamooni wakubwa. Majibu ya udahili yametoka. Nimepata nafasi mbili: shahada ya biolojia kwenye kile chuo kikuu kikubwa, na shahada ya maabara ya tiba kwenye chuo cha afya, kile kidogo. Mfumo unaruhusu kuthibitisha kimoja tu, mwisho Ijumaa saa sita usiku. Naombeni mawazo yenu.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Hongera sana! Nimepiga vigelegele peke yangu humu ndani.

Mjomba Salim: Hongera mpwa wangu. Mimi hata sioni cha kujadili. Chema chajiuza. Kile kikubwa kila mtu anakijua, ukitaja jina tu mwajiri anakuelewa.

Mama Nuru: Lakini kaka, huyu tangu yuko sekondari anasema maabara. Biolojia aliijaza kama chaguo la akiba.

Mjomba Salim: Biolojia si ndiyo hiyo hiyo? Akimaliza ataingia maabara.

Dada Zuhura: Shikamoo mjomba. Hapo ndipo pa kutulia, maana si hiyo hiyo. Kupima sampuli za wagonjwa hospitalini ni kazi ambayo nchi nyingi huruhusiwi kuifanya bila kusajiliwa na baraza la taaluma, na baraza linatazama umesoma programu gani. Mwenye shahada ya biolojia anaweza kuwa mtafiti mzuri au mwalimu mzuri, ila akienda kuomba usajili wa maabara ya tiba anaweza kuambiwa arudi darasani. Udaktari, uuguzi, uhandisi na sheria ni vivyo hivyo. Kwa kozi za aina hii, jina la programu kwenye cheti linatangulia jina la chuo.

Babu: Marahaba wote. Nimesoma taratibu. Swali langu ni moja. Hicho kidogo kinatambuliwa? Vyuo vya uchochoroni vimekula ada za watu.

Dada Zuhura: Shikamoo babu. Swali hilo ndilo la kwanza kabisa, na lina sehemu mbili. Chuo chenyewe kiwe na ithibati, yaani kibali cha ubora, ya mamlaka ya elimu, halafu programu yenyewe iwe imekubaliwa na baraza la taaluma. Chuo kinaweza kuwa na ya kwanza kikakosa ya pili. Na Nuru usiwaulize chuo, waulize baraza wenyewe. Angalia pia muda wa ithibati unaisha lini, kwa sababu hutolewa kwa kipindi, na wewe unataka iwe hai siku unayohitimu.

Nuru: Sawa dada. Kesho asubuhi nawapigia.

Mjomba Salim: Mimi sijakataa hayo. Lakini nimetazama orodha za ubora wa vyuo duniani, kikubwa kimo, kidogo hakimo kabisa. Hilo nalo mnalisemaje?

Dada Zuhura: Mjomba, orodha hizo zina kazi yake, ila tutazame zinapima nini. Chukua ile ya Shanghai iliyoanza 2003. Asilimia 30 ya alama zake zinatokana na tuzo za Nobel na medali za Fields, zile za hisabati, za wahitimu na walimu. Asilimia nyingine 20 ni makala kwenye majarida mawili, Nature na Science. Kwa mtu anayetafuta pa kufanyia utafiti wa uzamivu ni habari njema. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anataka kujua nani ataingia darasani Jumatatu, darasa lina watu wangapi, na hadubini moja wanagawana wangapi. Orodha ile haina safu ya hayo. Na chuo kinachofundisha fani za afya peke yake, bila watafiti wengi, hakiwezi kuonekana humo hata kikifundisha vizuri namna gani.

Kaka Idi: Shikamooni. Nimechelewa, nilikuwa kwenye mtihani wa majaribio. Nuru hongera mdogo wangu! Naunga mkono dada. Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa ukumbi umejaa mpaka ngazi. Mhadhiri ana jina kubwa, vitabu ameandika, lakini nyuma husikii kitu. Tulifundishwa na madesa.

Shangazi Rukia: Madesa ndiyo nini?

Kaka Idi: Zile karatasi za muhtasari shangazi, zinazorithishwa kutoka darasa la juu. Mtu anasoma hizo tu mpaka anahitimu.

Dada Zuhura: Na hili limepimwa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Wanafunzi waliokaa kusikiliza mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko waliofundishwa kwa kujadili na kutatua maswali darasani. Kwa hiyo Nuru, uliza: kuna semina za vikundi vidogo? Nani anaziendesha?

Mjomba Salim: Haya. Lakini mshahara? Wa chuo kikubwa hawalipwi zaidi?

Dada Zuhura: Wanalipwa zaidi kwa wastani, ila sababu ndiyo yenye ubishi. Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti mwaka 2002. Walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, wengine wakaenda kwenye vile vyenye mchujo mkali, wengine wakaamua kwenda vya kawaida. Kwa wengi, kipato chao baadaye kilikaribiana. Yaani bidii na uwezo ambavyo vilimfanya mtu akubaliwe, alivibeba popote alipokwenda. Nisifiche upande wa pili: waliotoka familia zenye kipato kidogo walinufaika na chuo chenye mchujo mkali. Kwa hiyo jina halikosi thamani, mjomba. Ningekuwa na kozi ileile pande zote mbili ningekuunga mkono. Hapa kozi ni mbili tofauti.

Mjomba Salim: Hapo nimekuelewa. Bado sijaridhika, lakini nimekuelewa.

Baba Nuru: Mimi nauliza upande wa fedha. Nuru, usiniletee ada peke yake. Nataka gharama yote ya mwaka: maabara, mitihani, bima, koti na vifaa, nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo, na mahali pa kulala. Na ya miaka yote, si mwaka wa kwanza tu.

Dada Zuhura: Baba mdogo umegusa penyewe. Hosteli vyuo vingi huwapa kipaumbele wa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili unajitafutia. Na kama kuna ufadhili, soma masharti: unahitaji wastani gani ili usifutwe? Ufadhili unaodai alama za juu kila muhula unaweza kukatika katikati, na hapo ndipo watu wanaacha chuo wakiwa na deni bila cheti.

Mama Nuru: Hilo la kuacha ndilo linanitisha.

Dada Zuhura: Basi aulize moja kwa moja: walioanza pamoja miaka minne iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi wamehitimu kwa wakati? Chuo kinachojijua kitakutajia. Kikianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

*Jumatano*

Nuru: Shikamooni. Nimeongea na baraza. Programu ya maabara ya tiba ya chuo kidogo wanaitambua, na muda wake unapita mwaka wangu wa kuhitimu. Biolojia ya chuo kikuu haimo kwenye orodha yao, wamesema ni shahada nzuri ila si ya usajili.

Babu: Alhamdulillah. Hilo limekwisha.

Nuru: Nimempata pia dada mmoja wa mwaka wa tatu pale chuo kidogo, si yule anayepokea wageni. Amenieleza mazuri na mabaya. Mazuri: maabara wanaingia kuanzia muhula wa kwanza, na chuo ndicho kinachowatafutia hospitali za mafunzo kwa vitendo. Mabaya: maktaba ni ndogo, intaneti inasumbua, na kuna somo moja walikaa karibu muhula mzima bila mwalimu.

Shangazi Rukia: Muhula mzima!

Dada Zuhura: Afadhali amesema. Muulize somo gani na kama ameshapatikana. Na ukienda, nenda siku ya kawaida ya masomo, siyo siku ya maonyesho. Soma mbao za matangazo, sikiliza wanafunzi wanalalamikia nini, chungulia maabara saa za kipindi uone kama vifaa vinatumika au vimefunikwa vitambaa.

Mama Nuru: Kesho naenda naye.

Mjomba Salim: Nuru, ukiwa pale niulizie na mimi: waliomaliza mwaka jana wako wapi? Wakutajie sehemu za kazi, wasiseme tu "wameajiriwa".

Nuru: Nitauliza mjomba, asante.

*Alhamisi jioni*

Mama Nuru: Tumerudi. Nimeridhika kuliko nilivyotarajia. Maabara ilikuwa na kipindi, wanafunzi wamevaa makoti, kila wawili na hadubini yao. Mkuu wa idara mwenyewe alitutolea daftari la wahitimu, limeandikwa nani yuko hospitali gani. Wawili wameandikwa hawajapata kazi. Nikamwamini zaidi kwa kuandika hao wawili.

Nuru: Na ile nafasi ya mwalimu imejazwa, tumemkuta anafundisha. Mjomba, wengi wa mwaka jana waliajiriwa na hospitali walizofanyia mafunzo.

Mjomba Salim: Basi mimi silaha nimeweka chini. Kile kikubwa utakiendea shahada ya pili, Mungu akijalia.

Kaka Idi: Sasa Nuru, kuchagua ni nusu tu. Sikiliza ya ndani. Watu wanadisko wakiwa na akili nyingi tu, kwa sababu wiki za kwanza hakuna anayewasukuma. Hakuna kengele. Unakuta wiki ya saba ndiyo unafungua daftari.

Babu: Kudisko ni kucheza muziki?

Kaka Idi: Hapana babu, ni kuondolewa chuo kwa kufeli. Na "supu" ni mtihani wa marudio.

Kaka Idi: Hesabu ya muda ni hii. Ulaya wanahesabu mwaka mmoja wa masomo ya chuo kuwa saa 1500 hadi 1800 za kazi, na humo mhadhara ni sehemu tu. Zilizobaki ni zako mwenyewe. Ukiona ratiba ina mapengo, usidhani ni mapumziko.

Dada Zuhura: Na namna ya kusoma, Nuru, hii ishike. Kurudia kusoma daftari kunakupa hisia ya kuelewa, lakini hakukai. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilijaribu mwaka 2006. Kundi moja lilisoma maandishi mara mbili. Jingine likasoma mara moja, halafu likafunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia asilimia 42. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano. Kwa hiyo kila jioni funika daftari, chukua karatasi tupu, andika. Palipo na pengo ndipo pa kusoma.

Nuru: Hii naanza nayo tangu sasa.

Kaka Idi: Diskasheni pia, lakini iwe ya watu wachache, kila mmoja afundishe mada yake. Ile ya watu wengi wanaomsikiliza mmoja ni mhadhara mwingine tu.

Dada Zuhura: Kuna moja ninayoitilia mkazo kuliko zote. Jitambulishe kwa walimu. Mimi kama mwalimu wa chuo, nikikaa ofisini saa za kuonana na wanafunzi, wengi hawaji kabisa mpaka matokeo yatoke mabaya. Anayekuja wiki ya tatu na swali moja alilolihangaikia, namkumbuka jina. Ikija nafasi ya mradi wa utafiti, au mtu anataka barua ya mapendekezo, naandika ninachokijua juu yake. Mwaka 2014 Gallup, kampuni ya kura za maoni, waliwauliza wahitimu zaidi ya 30,000 wa Marekani. Waliosema walikuwa na mwalimu aliyewajali, aliyewafanya wapende kujifunza, na aliyewatia moyo kufuata ndoto zao, uwezekano wa kuwa na moyo na kazi zao ulizidi mara mbili. Ila waliopata yote matatu walikuwa asilimia 14 tu. Chuo kidogo kinakupa nafasi hiyo kirahisi, lakini mlango hautajigonga wenyewe.

Baba Nuru: Zuhura mwanangu, Mungu akubariki. Hayo sisi hatukuambiwa na mtu.

Shangazi Rukia: Na marafiki? Namjua huyu, atakaa na shoga yake mmoja miaka yote.

Dada Zuhura: Shangazi, mmoja wa kulia naye ni muhimu. Lakini awafahamu na wengine, hata wa salamu tu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu, mara nyingi mtu huyo hakuwa rafiki wa karibu. Alikuwa wa kuonana mara mojamoja. Wa karibu wanajua yale yale unayoyajua. Wa mbali kidogo wana habari za mahali pengine. Chama kimoja cha wanafunzi, au timu, kinatosha. Kimoja Nuru, si vitano.

Mama Nuru: Na ukizidiwa useme. Ukiumwa, ukikosa usingizi, ukishindwa somo, usinyamaze mpaka mwisho wa muhula.

Kaka Idi: Kweli mama mkubwa. Vyuo vingi vina mshauri wa wanafunzi, na ukiomba kuahirisha mtihani kabla, wanakusikiliza. Ukiomba baada ya kuukosa ni kazi.

*Ijumaa*

Babu: Mjukuu wangu umeamua?

Nuru: Shikamoo babu. Nimethibitisha maabara ya tiba asubuhi hii. Nimemaliza pia kuwaandikia chuo kikuu kwamba naachia nafasi ya biolojia, ili aliye kwenye orodha ya kusubiri aipate mapema.

Mjomba Salim: Vizuri sana. Nitumie orodha ya vifaa wanavyotaka mwaka wa kwanza. Koti la maabara ni langu.

Nuru: Natuma sasa hivi mjomba.