Mjadala: Dawa za malaria zigawanywe kwa ripoti za zahanati pekee?

Mkaazi wa Nyakach: Wengi hapa Kisumu wanasema zahanati inayoripoti wagonjwa wengi ndiyo ipelekewe dawa nyingi. Nakataa. Ripoti za kila mwezi, ambazo tangu 2011 huingia kwenye mfumo mmoja wa Wizara ya Afya, humhesabu aliyefika tu. Dawa zikiisha, watu huacha kwenda, wananunua dukani. Vipimo vya haraka vikiisha, mtoto mwenye homa haandikwi kwamba amethibitishwa ana malaria. Hesabu inashuka, na aliye ofisini anafurahi kuwa ugonjwa umepungua! Robo ya mwaka inayofuata zahanati inapunguziwa dawa tena. Tena mto Nyando ukifurika, watu wa Kano huhamia kwingine na kuhesabiwa huko.

Karani wa rejista, Muhoroni: Sasa ndugu, tugawe kwa nini? Kwa kelele za wanasiasa? Fomu ya dawa za malaria ina safu ya siku ambazo dawa hazikuwepo. Zahanati ikitumia dozi 100 na ikakaa nusu ya mwezi bila dawa, mahitaji yake ni kama 200. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Shida ni kwamba nesi ni mmoja: anatibu, anagawa dawa, anaandika. Safu inabaki tupu.

Mhudumu wa afya ya jamii, Obunga: Na sisi je? 2023 tulipewa simu za kuandikia habari za kila nyumba, hata za mgonjwa ambaye hakukanyaga zahanati. Pengo mnalolilia liko mikononi mwetu. Ila posho yenyewe ni 5,000 kwa mwezi, ikifika, na kina mama wananiuliza jina la mtoto linaenda wapi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inawapa haki ya kuuliza, lakini jibu mimi sikupewa.

Mkaazi wa Nyakach: Mama, hapo ndipo ninapotaka tufike: ripoti yako na ya zahanati ziwekwe pamoja kabla dawa hazijaagizwa. Na karani, ripoti yenye safu tupu irudishwe.

Karani wa rejista, Muhoroni: Ikirudishwa, mwezi huo wanapata dawa kwa hesabu gani?

Mkaazi wa Nyakach: Kwa ya msimu kama huo mwaka uliopita, mradi dawa zilikuwepo. Kila mtu hapa anajua malaria hupanda baada ya mvua za masika.

Karani wa rejista, Muhoroni: Na kama mwaka uliopita pia safu ilikuwa tupu?