Tu-154M kwenye simuleta: NVU inasema nipo njiani, ramani inasema nimepotea

kiti_cha_nyuma:
Wakuu, naomba msaada wa NVU (kompyuta ya zamani ya kuongoza ndege njiani). Narusha Tu-154M (ndege ya abiria ya Kisovyeti) kutoka Vnukovo (Moscow) kwenda Pulkovo (St Petersburg), kama kilomita 620, bila GPS. TKS (mfumo wa kozi wa jairo na dira) naipanga uwanjani, nahamisha swichi kwenda ГПК (jairo), kisha naingiza ZPU (pembe ya njia) za kila kipande cha njia nilizosoma kwenye chati ya kawaida (digrii za sumaku). Doppla (rada inayopima kasi ya ardhini na kupeperuka) inafanya kazi, taa ya hitilafu haiwaki, na kaunta ya Z (umbali wa kutoka pembeni mwa njia) inakaa kwenye sifuri safari nzima. Lakini nikifungua ramani ya simuleta karibu na Pulkovo, nipo karibu kilomita 30 kushoto mwa njia. Mwanzoni tofauti haionekani, inakua kadiri ninavyosonga.

La pili: pointi ya kwanza ndege inakata kona vizuri, lakini ya pili inarudi kwenye kozi ya zamani kabisa. Na la tatu, sindano ya ILS (redio ya kuongoza kutua) imelala katikati, haichezi hata nikiwa nje ya mstari. Nakosea wapi?

DiraNaJairo:
Kosa la kilomita 30 halimo kwenye NVU. Limo kwenye namba ulizoipa.

Ukiwa kwenye ГПК, jairo haijui kaskazini ya mahali ulipo. Inashikilia kaskazini ya Vnukovo, kwa sababu ndiko ulikoipanga. Chati inakupa digrii za kaskazini ya kila pointi. Meridiani zinakaribiana kuelekea ncha ya dunia, kwa hiyo kaskazini hizo mbili zinaachana kwa tofauti ya longitudo mara saini (sine) ya latitudo. Vnukovo ni 37.3 mashariki, Pulkovo 30.3. Digrii 7 mara saini ya 57.7 (latitudo ya kati) ni 5.9. Yaani mwanzoni kosa ni sifuri, mwishoni ni karibu digrii 6, wastani 3. Digrii 3 kwa kilomita 620 ni kilomita 32. Hizo ndizo 30 zako, na upande wa kushoto nao unakubali.

Z inabaki sifuri kwa sababu NVU haina macho. Inachukua kozi ya jairo, kasi ya ardhini na pembe ya kupeperuka kutoka Doppla, inajumlisha. Ukiipa pembe isiyo sahihi itaifuata kwa uaminifu.

Hesabu ya kila kipande: chukua pembe halisi ya njia (si ya sumaku) katikati ya kipande, ongeza (longitudo ya Vnukovo toa longitudo ya hapo) mara saini ya latitudo, halafu toa mkengeuko wa sumaku wa Vnukovo (tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi), ukihesabu wa mashariki kuwa chanya. Mkengeuko usome kwenye data ya simuleta yako, maana simuleta nyingi zina data ya miaka ya nyuma. Kipande kilichoko longitudo 31.3, latitudo 59, kitaongezewa digrii 5.1. Fanya hivyo kwa vipande vyote kabla hujawasha injini, andika kwenye karatasi. Kazi hii ilikuwa ya navigeta, na navigeta sasa ni wewe.

rsbn_chaneli_9:
Naunga mkono hapo juu. Niongeze vitu viwili vya TKS ambavyo watu huvisahau kwenye paneli: kitasa cha latitudo na swichi ya СЕВ/ЮЖН (kaskazini/kusini). Dunia inazungusha jairo digrii 15 kwa saa mara saini ya latitudo, kwa hiyo karibu na Moscow ni 12.4 kwa saa, na paneli ndiyo inayofuta mwendo huo. Swichi ikiwa upande wa kusini, kosa linakuwa mara mbili, karibu 25 kwa saa. Yako si hiyo, ungekuwa umepotea zaidi ya kilomita mia. Latitudo yenyewe ukiiacha 56 njia nzima, kosa halifiki hata digrii moja kwa saa.

Tatizo la kona: una vidude viwili vya ZPU, I na II. Kimoja kinaongoza, kingine kinasubiri. Taa ya СМЕНА ЧО (kubadili kipande) ikiwaka, ya II inachukua uongozi, na ya I inabaki na pembe ya kipande cha kwanza. Usipoizungusha papo hapo kuwa pembe ya kipande cha tatu, pamoja na urefu wake wa S (umbali kando ya njia), ndege itafuata kilichopo. Ndiyo maana yako inarudi kwenye kozi ya zamani. Hakikisha unagusa kile ambacho taa yake imezimika. Ukigusa kinachoongoza, otopailoti inainamisha ndege hapo hapo.

LUR (umbali wa kuanza kona kabla ya pointi) nayo usiiweke kwa kubahatisha. Kwa kilomita 850 kwa saa na mwinamo wa digrii 20, nusu-kipenyo cha kona ni kama kilomita 15.6. Kona ya digrii 30 inataka kilomita 4 hivi, ya 60 inataka 9, ya 90 inataka 15 au 16.

Na tumia RSBN (vituo vya redio vya ardhini vinavyotoa azimuti na umbali) hata kama hesabu zako ni safi. Weka chaneli, S na Z za kituo kwa kipimo cha kipande ulichopo, subiri azimuti na umbali vitulie, ndipo urekebishe. Usifanye ukiwa juu ya kituo, azimuti pale inayumba. Kama unatarajia kosa kubwa, toa kwanza NVU kwenye otopailoti, la sivyo Z ikiruka kilomita 20 ndege nayo italala.

kiti_cha_nyuma:
Nimeelewa, shukrani. Je, nikiiacha TKS kwenye МК (dira ya sumaku) njia nzima si nakwepa hesabu zote?

DiraNaJairo:
Kwa vipande vifupi itakubeba. Lakini kaskazini yako itakuwa inageuka katikati ya kipande wakati NVU inaamini imesimama, na sensa ya sumaku hudanganyika kwenye kona. Mimi ningebaki ГПК na kutumia sumaku kama mkaguzi tu: tofauti kati ya jairo na dira ya sumaku popote ulipo inatakiwa iwe ile uliyoihesabu. Ikizidi, jairo inahama.

ILS: tafuta swichi ya СП-50/ILS ya Kurs-MP (kipokezi cha redio ya kutua; СП-50 ni mfumo wa Kisovyeti), iweke ILS. Na kabla ya kuanza kushuka kwenye mstari wa uwanja, panga TKS upya kwa sumaku ya Pulkovo, jairo zote mbili, ukiruka moja kwa moja bila kona. Ukisahau, kozi ya kutua itakuwa na zile digrii 6, na otopailoti itakushika pembeni mwa mstari hata ILS ikiwa nzima.