Kaniuzia bastola ya mtumba wa jeshi, "imesafishwa kila kitu", kumbe kafuta ganda la nje tu

Wakuu naandika mikono bado inanuka grisi na hasira hazijaisha, kwahiyo mkiona narukaruka mnivumilie.

Muda mrefu nilikuwa naitamani Tokarev TT-33, ile bastola ya Warusi ya mwaka 1933, nyembamba, risasi 8, haina mbwembwe. Nyingi zinazouzwa sasa hivi zilikaa ghalani jeshini miaka na miaka zimepakwa grisi nzito ndo zikatolewa. Mimi sina shida na mtumba, chuma kikilala kwenye grisi kinaweza kukaa miaka 50 kisiote kutu. Shida yangu ni binadamu aliyeniuzia. Nilimuuliza zaidi ya mara moja, kaka hii imesafishwa? "Mkuu imesafishwa kila kitu, wewe ni kwenda renji kupiga tu." Kila kitu. Lishikeni hilo neno.

Jumamosi asubuhi nipo renji, miwani usoni, masikio nimeziba, vibali vyangu vyote ninavyo. Nikajaza magazini, nikakoki. Ya kwanza ikalia vizuri sana, hii risasi ya 7.62 x 25 ina kelele na moto mdomoni mwa mtutu mpaka jamaa wa pembeni akageuka. Ya pili ikaenda. Ya tatu: tk.

Tk tu, basi.

Mzee anayesimamia renji akapaza sauti nyuma yangu, "kijana usiifungue, mtutu mbele!" maana risasi inaweza kuchelewa kuwaka, nikabaki nimeielekeza kwenye shabaha nahesabu mpaka 30 huku jasho linanitoka. Kuja kuitoa, fataki kwenye kitako cha risasi, ile inayowasha baruti, ina kialama kidogo kama imekwaruzwa na ukucha.

Nilipiga magazini 3, risasi 24, zikagoma 7. Na zile zilizokubali maganda yalikuwa yanaruka mbali ajabu, moja likamwingia mtu kwenye kola ya shati, na ganda likitoka pale ni la moto jamani, niliomba radhi kama mwizi wa kuku. Mzee akasema hiyo ni springi ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele kila ukipiga, imechoka zamani.

Akanionea huruma, au alichoka kunisikia nalaani, akahakikisha haina risasi akaifungua mezani. Ile pini inayogonga fataki haikutoka, ilibidi aisukume. Tundu lake limejaa grisi ya ghalani, imeganda, kahawia, kama gundi ya fundi viatu. Akachokonoa na kijiti, ikawa inatoka ndefu kama mnyoo. Sasa pini inayoogelea kwenye gundi itagonga kwa nguvu gani? Na mzee akanambia nishukuru ilikuwa inagoma tu, maana ingegandia mbele ikiwa imechomoza, slaidi ikirudi ingegonga fataki yenyewe na kidole changu kiko mbali na triga.

Hapo bado. Hii bastola kiasili haina sefti ya kuzuia isilie, kuna ile nusu koki ya nyundo tu, yaani nyundo unaivuta nusu inakwama hapo, na muuzaji alinisisitizia "hiyo ndo sefti mkuu, haina wasiwasi". Mzee akaiunganisha, tupu, akaweka nyundo nusu koki, akaisukuma kwa dole gumba. Ikaanguka. Akarudia, ikaanguka tena. Akaniangalia hakusema kitu, akaiweka mezani. Yaani ningeitembeza na risasi chemba nikaidondosha ningekuwa nawaandikia kutoka wapi?

Halafu risasi, ambazo huyohuyo ndo kaniuzia, akasema hazili chuma. Nilirudi usiku nimechoka nikapitisha mafuta ndani ya mtutu nikalala. Asubuhi namulika tochi, mtutu una rangi ya chungwa. Risasi nyingi za zamani za jeshi fataki zake zinaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu, na mafuta hayaiondoi, inataka maji ya moto kwanza, ukaushe, ndo upake mafuta. Angesema ukweli ningechemsha maji usiku uleule, ni dakika kumi tu.

Najua mtakuja kuniambia ungeifungua mwenyewe kabla ya kwenda. Kweli, hapo nimekosea na linaniuma kuliko yote, bastola iliyotoka ghalani unaifungua hadi pini ya mwisho hata ukiuziwa na baba yako mzazi. Ila mtu asingesema kila kitu! Angesema tu nimefuta nje, za ndani utamalizia, ningemlipa vilevile na tungeagana vizuri.

Nikamtumia picha ya ile grisi mezani. Akajibu "piga risasi nyingi nyingi itajilainisha yenyewe". Nikamtumia video ya nyundo inavyoanguka. Kaiona, kimya. Nikapiga simu, inaita mpaka inakata.

Leo mchana kaweka tangazo jipya, Tokarev nyingine, "safi, imesafishwa kila kitu". Nikakuza picha. Mkwaruzo ulioko kwenye kishikio ni wa hii ya kwangu, iko hapa mezani nimeifungua vipande vipande.